Nina mkanda wa pili tu: je, naweza kuwafundisha watoto kapoeira?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana, mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi pembezoni mwa mji wa Iringa. Nilipokuwa chuo Dar es Salaam nilijifunza kapoeira, ule mchezo wa mapigano wa Brazil unaochezwa kwa muziki na nyimbo, nikafika mkanda wa pili, kisha nikarudi nyumbani. Watoto waliniona nikifanya mazoezi nyuma ya madarasa, na sasa kila siku saa kumi wananisubiri. Wanachotaka ni sarakasi. Mama mmoja amekuja kulalamika kwamba ninamfundisha mwanawe ugomvi na nyimbo za mizimu. Je, kwa mkanda huu mdogo nina haki ya kufundisha? Na kama ninayo, nianzie wapi?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wafundishe, ila kabla ya kuanza mpigie simu aliyekufundisha wewe. Hilo ndilo jibu langu, na yanayofuata ni sababu zake. Ninafundisha kapoeira hapa Mbeya, katika ukumbi mdogo upande wa Mwanjelwa, na kazi hii imenifikisha kwenye msimamo nisioweza kuuacha: kapoeira hufundishwa na mtu ambaye mwenyewe bado ana mwalimu, na kitu cha kwanza cha kumfundisha mtoto ni kumwona mwenzake.

Tuanze na mkanda, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Mikanda ya rangi ni jambo la karibuni. Ilienea Brazil kuanzia miaka ya 1960 na 1970, na mpaka leo kila kikundi kina mpangilio wake. Rangi ya wakubwa kwenye kikundi kimoja huvaliwa na wageni kwenye kingine. Wanaofuata mtindo wa Kapoeira Angola kwa kawaida hawavai mikanda ya ngazi kabisa. Mestre (yaani mwalimu mkuu) Bimba, ambaye jina lake halisi lilikuwa Manoel dos Reis Machado, alifungua chuo chake mjini Salvador, jimbo la Bahia, mwaka 1932, na mwaka 1937 serikali ikakitambua rasmi. Wahitimu wake aliwapa medali na kitambaa cha shingoni. Mkanda hakuujua, na bado kapoeira ya mtindo wa Regional inayochezwa duniani leo imetoka mikononi mwake.

Mwenzake, Mestre Pastinha, yaani Vicente Ferreira Pastinha, alizaliwa Salvador mwaka 1889. Alisimulia mwenyewe kwamba utotoni alikuwa akipigwa mara kwa mara na mvulana aliyemzidi nguvu. Mzee mmoja Mwafrika aliyeitwa Benedito alikuwa akiyaona hayo kupitia dirisha la nyumba yake. Siku moja akamwita, akaanza kumfundisha. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kufungua kituo cha Kapoeira Angola mwaka 1941, ndiye aliyewalea João Grande na João Pequeno, na ndiye aliyekwenda Dakar mwaka 1966 kwenye Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Weusi, akiwa mzee wa miaka 77. Mimi nikisoma habari za Benedito ninaona mwalimu kamili: alimwona mtoto, akaelewa shida yake, akatoa alichokuwa nacho.

Ila usije ukaelewa kwamba ngazi hazina maana. Mwenye mkanda wa kati huitwa graduado. Baadaye vikundi vingi hutumia majina kama monitor, instrutor, professor, kontramestre na mwisho mestre. Kupanda kote huko huchukua miaka mingi, na umestre mara nyingi ni zaidi ya miaka ishirini ya mazoezi. Muda huo ni wa haki. Mtu hujifunza mateke ndani ya miaka michache, lakini kusoma nia ya mtu aliye mbele yako, kuongoza nyimbo, kutuliza roda, yaani duara la wachezaji na waimbaji, iliyopanda joto, kumjua mtoto anayecheka huku ameumia, hayo yanataka umri. Ndiyo maana ukikutana na mchezaji mgeni, swali lake la kwanza huwa "mwalimu wako nani?" Rangi ya mkanda anaweza asiiulize kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Mweleze mwalimu wako hali ilivyo, umwombe ruhusa ya kuongoza mazoezi kwa jina lake. Waambie watoto wewe ni mwanafunzi wa fulani, walijue jina hilo kabla hawajajifunza teke hata moja. Mtumie video fupi za mazoezi akusahihishe. Mimi mpaka leo namtumia wangu, na bado ananirudishia makosa ya mguu wa nyuma. Fundisha yale tu unayoweza kuyafanya polepole, pande zote mbili, na kueleza yanafaa nini. Usigawe mikanda, wala usifanye batizado, ile sherehe ya kumpokea mwanafunzi mpya ambapo anacheza na mwalimu wa ngazi ya juu. Hiyo isubiri mwenye mamlaka nayo. Ukikaa ndani ya mipaka hiyo, mkanda wa pili unatosha kwa watoto wa shule ya msingi.

Sasa wapi pa kuanzia.

Bimba alikuwa na njia ambayo sijaona inayoishinda. Mwanafunzi mpya, Bimba mwenyewe alimshika mikono yote miwili, wakatazamana, akamtembeza katika ginga, lile yumbo la mbele na nyuma ambalo ndilo shina la kapoeira yote. Mwili wa mwanafunzi ulipokea mwendo kutoka kwenye mwili wa mwalimu. Mimi nawafanyia watoto hivyohivyo, mmojammoja, hata wakiwa wengi, na anayesubiri anapiga makofi. Ukimshika mtoto mikono utajua ndani ya muda mfupi kama anaogopa, kama amelala njaa, kama anataka kukuvuta akuangushe. Kusimama mbele ya mistari na kuhesabu "moja, mbili, tatu" hakuwezi kukupa habari hizo.

Jambo la pili nililolichukua kwake ni mifuatano yake minane ya wawili wawili. Bimba hakufundisha teke peke yake likipiga hewa. Kila shambulio lilikuja na kwepo lake, na mshirika wake, tangu mwanzo. Basi na wewe ukifundisha meia lua de frente, lile teke la mguu ulionyooka linalozunguka kutoka nje kuja ndani, siku hiyohiyo fundisha cocorinha, kuchuchumaa chini yake mkono mmoja ukilinda uso. Mtoto mmoja anarusha, mwenzake anashuka, kisha wanabadilishana. Ukilifundisha teke bila kwepo kwa sababu tu ni rahisi na watoto wanalifurahia, yule mama atakuwa amesema kweli. Mtoto aliyejifunza teke peke yake amejifunza kupiga. Aliyejifunza vyote viwili kwa pamoja amejifunza kwamba upande wa pili wa mguu wake kuna kichwa cha mtu.

Watoto wengi hucheza wakitazama miguu yao wenyewe. Hilo litakuchosha usipolishughulikia mapema. Dawa ninayoitumia ni kijiti: watoto wawili wanakizuia kati ya viganja vyao, ncha kwa ncha, kisha wanayumba, wanachuchumaa, wanazunguka, kijiti kisianguke. Hakuna wa kushinda. Mmoja akiharakisha, kijiti kinaanguka, akizubaa, kinaanguka. Waachie muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Baada ya hapo ondoa kijiti, waendelee kana kwamba kipo, na hapo utaona umbali wa mchezo umejitengeneza wenyewe.

Halafu kuna yule mvulana mkubwa anayetaka kupiga. Yupo katika kila kundi, na pengine ndiye mwana wa yule mama. Usimfukuze, wala usimweke na mkubwa mwenzake ili "wamalizane". Mpe aliye mdogo kuliko wote, na kazi yake iwe kurusha teke lifike kiganja kimoja karibu na bega la yule mdogo na kusimama hapo. Kusimamisha mguu hewani ni kugumu kuliko kupiga. Atatetemeka, atayumba, ataelewa mbele ya wenzake kwamba nguvu zake bado hazijamtii. Kwenye roda nzuri teke linaloishia mbele ya uso linahesabika kuwa limefika: aliyerusha anajua, aliyerushiwa anajua, na wanaoimba wameona. Lifundishe hilo kama ufundi. Ukilifundisha kama adabu watasahau, maana adabu wanahubiriwa kutwa nzima.

Mtama uuache kwanza. Kwa heshima yangu yote kwa rasteira, ambayo ndiyo mtama wenyewe, na ambayo naipenda kuliko mateke yote kwa sababu haihitaji nguvu, inataka tu kujua ni lini mwenzako amebaki na mguu mmoja, kwenye sakafu ya saruji ya shule haina nafasi mpaka watoto wawe wamejifunza kuanguka. Kuanguka ni somo la wiki nyingi: negativa (kushuka chini ukiegemea mkono), rolê (kuzunguka chinichini), kukaa na kuinuka bila kuegemea kiwiko.

Na sarakasi? Wape, lakini kwa masharti ya mchezo wenyewe. Aú, lile gurudumu la mikono chini miguu juu, ni sehemu halali ya kapoeira, na mtoto anayeitaka ana haki ya kuipata. Mwonyeshe tu kwamba aú ya kapoeira hufanywa macho yakiwa kwa mwenzako na mara nyingi miguu ikiwa imekunjwa, kwa sababu anayejifungua wazi akiwa kichwa chini anaalika cabeçada, pigo la kichwa tumboni. Mtoto akishaligundua hilo mwenyewe, baada ya mwenzake kumgusa tu tumbo kwa kiganja, ataanza kuuliza swali ulilokuwa unalitafuta: mwenzangu yuko wapi? Sarakasi za kurudi nyuma, mwili mzima hewani, usizifundishe. Shingo ya mtoto haina mbadala, na wewe bado huna mafunzo ya kumdaka. Wakikwambia wameona kwenye simu, waambie yule kwenye simu alianza kwa magurudumu ya chini na alikuwa na godoro.

Muziki usiuache mpaka "baadaye", kosa ambalo makundi mengi ya huku hulifanya kwa sababu berimbau, upinde wa muziki wa waya mmoja na kibuyu, hazipatikani dukani. Roda huongozwa na berimbau: inaamua mchezo uwe wa taratibu au wa kasi, inaita wachezaji, inawasimamisha. Bila hiyo watoto wataamuliwa na misuli yao. Na huko Iringa vifaa vyake vyote mnavyo. Fimbo iwe ngumu lakini inayokubali kupinda, iliyonyooka, ndefu karibu na kimo cha mtu wa wastani. Jaribu mianzi iliyokomaa kama huna mti mwingine. Waya hutolewa ndani ya tairi kuukuu, na Brazil nako hufanya vivyo hivyo. Nenda kwa mafundi wa katambuga. Wao hukata matairi kila siku na wanajua kuuchomoa bila kuuvunja. Uusugue kwa msasa mpaka masalia ya mpira yaishe. Kibuyu kikavu, kilichofunguliwa mdomo, kinafungwa kwa kamba chini ya fimbo na kutoa mwangwi ukikisogeza tumboni na kukiondoa. Kijiti chembamba cha kupigia, sarafu nene au kijiwe laini cha kubana waya, na kikapu kidogo chenye mbegu kinachoitwa caxixi. Ukikosa mfumaji wa caxixi, kikopo chenye choroko kitasaidia kwa muda. Ngoma mnayo tayari.

Upinde wa muziki wenye kibuyu ni ala ya Afrika, na ulivuka bahari na watu waliouzwa. Wengi waliopelekwa Brazil walitoka Angola na Kongo na Afrika Magharibi. Katika karne ya 19 wengine wengi walisafirishwa kutoka Msumbiji, jirani zetu wa kusini. Kama bado kuna mzee pande za Kalenga anayepiga ligombo, ile ala ya nyuzi ambayo Wahehe waliitumia kusimulia na kusifu, mwalike aje akae na watoto jioni moja. Ningetoa nauli kutoka Mbeya nije kusikiliza.

Hapo tumefika kwa yule mama. Mtazame kwa macho yake: mwanawe ametoka shule akiimba maneno yasiyoeleweka, na mwalimu ameshika fimbo yenye kibuyu. Huku kwetu kibuyu kilichofungwa kamba kinamkumbusha mtu mganga kabla ya kumkumbusha muziki. Hofu yake ina mantiki. Kwa hiyo kibuyu kikatwe mchana, uwanjani, wazazi wakiwapo, watoto wenyewe wakikisugua, kila mtu aone kwamba ndani hamna kitu na kwamba kazi yake ni kukuza sauti. Nyimbo uzitafsiri, ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili pembeni ya Kireno. Nyingi husifu walimu, husimulia bahari, kazi, safari na utani kati ya wachezaji. Nyingi humtaja Mungu. Zipo pia zinazotaja watakatifu wa Kikatoliki na miungu ya dini ya Candomblé ya Bahia. Usimfiche hilo. Mwambie zipo, na kwamba wewe kwa watoto wa shule umechagua zisizogusa ibada. Mtunge na zenu za Kiswahili kwa muundo uleule wa kuitana na kuitikiana. Watoto wa Tanzania hawahitaji kufundishwa namna ya kuitikia.

Kuhusu ugomvi, mpe historia iliyo kweli. Utumwa ulifutwa Brazil tarehe 13 Mei 1888, na miaka miwili tu baadaye, katika kanuni ya adhabu ya 1890, kapoeira ilitajwa kwa jina kuwa kosa la jinai, kifungo cha miezi miwili hadi sita. Waliolengwa zaidi walikuwa Weusi maskini wa mijini. Basi sifa ya uhuni ina umri mrefu, na Bimba aliipinga kwa vitendo: hakupokea mwanafunzi asiyesoma wala kufanya kazi, na miongoni mwa kanuni za chuo chake zilikuwamo kuacha kuvuta sigara, kuacha pombe, na kutowaonyesha marafiki nje ya roda ulichojifunza. Hiyo ya mwisho ibandike ukutani. Mimi nimeongeza daftari: mtoto huja mazoezini na daftari la shule, na asiyekuja nalo anapiga makofi tu siku hiyo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha roda ya kapoeira katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ukienda kwa mwalimu mkuu, anza na hilo, maana wakuu wa shule wanapenda kitu chenye mhuri. Lakini ile hadithi kwamba watumwa walipigana kwa miguu kwa sababu mikono ilikuwa na minyororo, usiwape watoto kama historia. Inapendwa, ila haina ushahidi.

Mwalike mama huyo mara moja, umpe tari alipige.

Hujauliza kuhusu wasichana, na wewe ni msichana, kwa hiyo nasema mwenyewe. Kama hutawaweka mbele tangu wiki ya kwanza watabaki kuwa waitikiaji, na baada ya mwezi itaonekana ni desturi. Wavae bukta au suruali ya michezo chini ya sketi, utaratibu huo uupange na wazazi, na berimbau ya kwanza ishikwe na msichana. Bahia ya zamani haikuwapa wanawake nafasi hiyo kirahisi. Leo wapo mamestra, yaani walimu wakuu wa kike, kama Mestra Janja, mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha Nzinga, kilichopewa jina la malkia wa Ndongo na Matamba aliyewakabili Wareno katika karne ya 17. Watoto wa mji wenye habari za Mkwawa watamwelewa Nzinga mara moja.

Mengine kwa haraka. Ruhusa ya mwalimu mkuu iwe ya maandishi, na fomu fupi ya mzazi kwa kila mtoto. Kundi likikua, pita kwa afisa utamaduni na afisa michezo wa manispaa wakuelekeze usajili. Baridi ya Juni na Julai msiidharau: vifundo vya mikono na miguu vipashwe joto kwanza, taratibu, mpaka watoto wavue masweta wenyewe. Wanacheza pekupeku, kwa hiyo uwanja uokotwe mbigili na vipande vya chupa kila siku, na watoto wafanye hivyo pamoja nawe. Kwa magurudumu, omba maranda kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga, ujaze magunia. Ni magodoro mazuri yakiwa makavu. Mvua ikianza Desemba, hamieni darasani mfanye muziki.

Na kapoeira isikufanye uache kutafuta ajira. Bimba alihama Bahia kwa sababu hakupata msaada aliouhitaji, akafia mji wa Goiânia mwaka 1974 akiwa maskini. Pastinha aliondolewa kwenye jengo lake la Pelourinho, mtaa wa kale wa Salvador, kwa ahadi ya ukarabati, hakurudishiwa, akafa kipofu na fukara mwaka 1981. Inaniuma kila nikiikumbuka, na ninakwambia kwa sababu nataka udumu. Chukua mchango mdogo kwa wazazi wenye uwezo, ununue waya na ngozi za ngoma, asiyekuwa nacho asidaiwe.

Mpigie mwalimu wako wiki hii. Akikuruhusu, anza na watoto wachache kiasi cha kuweza kumshika kila mmoja mikono katika kipindi kimoja, hata kama wengine watalia nje ya mstari. Hao waingie muhula ujao. Akikukatalia, mwombe akwambie unapungukiwa nini, kisha niandikie, nitakualika Mbeya wakati wa likizo ufanye mazoezi nasi.